Maji ya Bi Kadzo

Kwao Msambweni, Twaiba alijulikana kwa ukimya wake. Ukimwita alikuitika "labeka" kwa sauti ya chini, kisha akatazama vidole vya miguu yake mpaka umalize haja yako. Shule aliiacha darasa la sita, mwaka ambao mama yake, Bi Mwanatumu, alianguka akavunjika mguu na nyumba ikakosa wa kupika. Hakurudi tena darasani, wala hakuna aliyemdai maneno mengi.

Kazi aliyokuja kuipata ilimfaa. Khalati yake, dada ya mama yake, Bi Mwanarusi, alikuwa mwoshaji wa maiti wa kike, na Twaiba alimsaidia kwa miaka saba. Maiti hamuulizi mtu maswali. Ukiingia chumbani unafunga mlango, unasema bismillahi, na mikono ndiyo inayozungumza. Ya Twaiba ilikuwa mikono mizuri, isiyo na haraka. Bi Mwanarusi hakuwa mtu wa kusifu, lakini mara kwa mara aliwaambia wafiwa, "Kichwa mwachieni Twaiba." Wanaoijua kazi hiyo wanajua kwamba kichwa cha mwanamke, pamoja na nywele zake zinazosukwa misuko mitatu kabla ya sanda, haachiwi mtu hivi hivi. Kwa hiyo ilijulikana mtaa mzima kwamba khalati akizeeka, kazi na heshima yake ni vya Twaiba. Hilo halikuwa na mjadala.

Siku moja waliitwa kumwosha mwanamke aliyefia hospitalini. Alikuwa mgeni kutoka Vitsakani, kijiji kilicho ng'ambo ya Kinango, na dada yake, Sidi, ndiye aliyekuwa akimuuguza. Walipomaliza kumvisha sanda, Sidi alisimama kando ya kitanda akaigusa ile nguo nyeupe kwa ncha za vidole.

"Mdogo wangu ana bahati," alisema.

Bi Mwanarusi aliinua uso. "Bahati gani tena, mwanangu?"

"Bahati ya kufia huku. Kwetu tumesilimu nyumba kumi na moja, lakini hakuna mwanamke hata mmoja anayejua kuosha. Mama mkwe wangu alipofariki, ustadhi alijifunga kitambaa mkononi akampaka vumbi usoni na mikononi, akatuambia inatosha, sheria inaruhusu. Inaruhusu, najua. Lakini yule mama alikwenda kaburini na jasho la shambani." Akaiachia ile sanda. "Nikimkumbuka, hilo jasho ndilo ninalolikumbuka."

Bi Mwanarusi alisema maneno ya kufariji, kama ilivyo desturi. Twaiba aliukunja mkeka, akaukunjua, akaukunja tena.

Tangu siku hiyo lile neno halikumtoka. Alilikuta kisimani, alilikuta jikoni akikuna nazi. Alilikuta zaidi kwenye swala. Kila alipoweka paji la uso chini ni kama kuna mtu aliyemtangulia pale, anamngoja. Baada ya mwezi alimwambia mama yake kwamba anataka kwenda Vitsakani, akae huko, awafundishe wanawake kuosha maiti wao.

Bi Mwanatumu aliacha kuchambua mchele.

"Ng'ambo ya Kinango? Mbuzi wenyewe wa huko wanahamia huku!"

"Ndiyo, mama."

"Na nani atafundisha? Wewe? Wewe ambaye hodi hupigi, unakohoa mlangoni mpaka mwenye nyumba adhani ni kuku ana kwikwi?"

Twaiba alicheka bila kutaka. Mama hakucheka.

"Una kazi hapa. Una jina hapa. Khalati yako hana mwingine. Mtu huacha kitu kama hicho akaenda wapi?"

"Nahisi naitwa, mama."

"Na nani?"

Twaiba alinyoosha kidole kimoja juu, kidogo tu, kama anayeona haya kuonyesha.

Mama akamwambia aswali istikhara. Kama ni Mungu anayemwita, basi Mungu huyo huyo atamwonyesha. Twaiba aliswali siku saba mfululizo, na kila asubuhi Bi Mwanatumu alikuwa mlangoni.

"Umeota nini? Kijani? Cheupe? Umeona maji?"

"Sikuota kitu, mama."

"Hata ndege?"

"Hata ndege."

Siku ya nane mama alitangaza kwamba jambo limekwisha, Mungu hakujibu. Lakini Bi Mwanarusi, aliyekuja kunywa kahawa, alitikisa kichwa. "Istikhara si sinema, Mwanatumu. Mtu haendi kulala ili aonyeshwe picha." Akamgeukia Twaiba. "Moyo wako umekaaje?"

"Umetulia, khalati. Ninaogopa mno, lakini umetulia."

Bi Mwanarusi alikiweka kikombe chake chini. Alikuwa na umri wa miaka sabini, magoti yalimuuma, na alikuwa anapoteza mikono yake ya pili. "Basi nenda," alisema. "Usingoje ndoto. Ibrahimu aliambiwa atoke kwao akatoka."

Mama hakumsindikiza mpaka barabarani. Alimfungia mkate wa mofa kwenye kitambaa, akaingia ndani, akafunga mlango. Twaiba alimsikia akilia, akaondoka hivyo hivyo.

*

Vitsakani walimpokea vizuri kuliko alivyotarajia. Sidi alimpa chumba. Ustadhi Swabir, yule yule aliyejifunga kitambaa mkononi, kijana mpole mwenye watoto wanne, alimshukuru mara tatu mbele ya watu. Siku ya tatu wanawake kumi na wanne walikusanyika uani kwa Sidi kwa somo la kwanza.

Twaiba alipanga kila kitu kama alivyofundishwa. Alichimbisha ufuo, ule mfereji mwembamba chini ya kitanda unaopokea maji ya maiti. Alichemsha majani ya mkunazi. Aliomba maji, na mitungi mitatu ya lita ishirini ikaletwa kutoka nyumba tatu. Kisha akaomba mtu wa kulala kitandani awe maiti. Wote walitazamana, mpaka Dama, mwanamke mnene mwenye mdomo, akajitupa juu ya kitanda na nguo zake.

"Haya, nimekufa," alisema. "Mume wangu asiambiwe, ataoa leo."

Walicheka, na kicheko kile kilimsaidia Twaiba. Alianza. Sauti yake ilikuwa ndogo, ikabidi wasogee, lakini mikono ilikuwa inajua. Alionyesha upande wa kulia, akamimina. Alionyesha wa kushoto, akamimina. Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, maji yakishuka kutoka kichwani mpaka unyayoni, yakajaa ufuoni, yakafurika, yakakata uwanja mpaka kwenye boma la mbuzi. Hivyo ndivyo walivyoosha Msambweni. Hivyo ndivyo alivyoona tangu awe msichana mdogo: maji mengi ndiyo heshima ya maiti.

Alipoinua macho, hakuna aliyekuwa anacheka. Wanawake walikuwa hawamtazami yeye. Walikuwa wanautazama ule mkondo wa maji unaozama mchangani. Mbuzi wawili walikuwa wameshakimbilia kuulamba. Dama alikuwa amekaa kitandani, nguo zimemganda.

Ajuza mmoja aliyekuwa amekaa nyuma, Bi Kadzo, ndiye aliyevunja ukimya. "Mjukuu wangu," alisema bila ukali, "nikifa mimi, usinioshe hivyo. Nitaona haya."

Kesho yake hakuja mtu. Twaiba alikaa uani peke yake tangu saa nne mpaka adhuhuri, kitanda mbele yake.

"Niambie kosa langu," alimwomba Sidi.

Sidi alikuwa anatwanga. Hakuacha kutwanga. "Silanga yetu ya karibu ilikauka mwezi wa pili. Maji tunayateka kwenye ile ya mbali. Ukitoka alfajiri unarudi jua la utosi. Mitungi ile mitatu ilikuwa ya kunywa ya nyumba tatu."

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Mgeni ameomba maji. Utamnyimaje mgeni maji?"

Twaiba aliingia chumbani akajifunika leso. Yeye aliyekuja kuwaondolea wenzake aibu alikuwa amewamwagia riziki yao mbele ya macho yao, na wao kwa adabu wakanyamaza. Simu ikalia. Alikuwa mama, kana kwamba ameambiwa.

"Sauti yako ina nini?"

"Haina kitu, mama."

"Twaiba. Rudi nyumbani. Hakuna atakayekucheka, wallahi. Nitasema uliumwa."

Ilikuwa rahisi sana kusema ndiyo. Alilifikiria gari la kesho. Alikifikiria chumba cha kuoshea cha Msambweni, bomba ukutani, khalati akikohoa. Alifungua kinywa ili aseme ndiyo, na lile neno la jasho la shambani likawa pale pale, halijasogea hata hatua moja.

"Nimewatia hasara watu, mama. Siwezi kuondoka nimewatia hasara."

Alfajiri ya pili yake alichukua mtungi mtupu wa Sidi akawafuata wanawake njiani. Hawakumfukuza, wala hawakumngoja. Silanga ile, bwawa la kuchimbwa la maji ya mvua, ilikuwa mbali kuliko mahali popote alipowahi kwenda kwa miguu, na maji yake yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa. Kurudi, shingo ilimtetemeka, mtungi ukayumba, akasimama mara tisa.

"Tazameni!" Dama alipiga kelele kutoka mbele. "Mwana wa pwani anaubeba mtungi kama anambeba bwana harusi!"

"Mwache, atamwangusha kabla ya fungate!" mwingine akajibu.

Twaiba aliufikisha. Aliupeleka nyumba ya kwanza, akaumimina kwenye pipa lao. Kesho yake nyumba ya pili, kesho kutwa nyumba ya tatu. Siku ya nne alikwenda tena. Siku ya kumi hakuhesabu vituo tena, na Dama alikuwa akitembea pembeni yake akimsimulia habari za mume wake, habari ndefu zisizo na mwisho.

Hakuna aliyetaja somo, naye hakulitaja. Alikuwa anajifunza kwanza. Aliona jinsi Sidi anavyoosha vyombo vya watu saba kwa maji yanayoenea kwenye sufuria moja. Aliona jinsi wanavyomwogesha mtoto kwa kitambaa, kuanzia bega, maji yakishuka yenyewe kwa utaratibu, hakuna tone linaloanguka chini kabla halijafanya kazi. Alitazama hayo kama alivyokuwa akimtazama khalati yake zamani, kwa ukimya, macho yasipepese.

*

Bi Kadzo alifariki asubuhi moja ya wiki ya tano, akiwa amekaa kwenye kigoda chake akichambua kunde. Mwanawe mkubwa, Kombe, alikuwa mtu wa kanisa na mfugaji. Katika boma lake ng'ombe wawili walikuwa wameshalala chini kwa kiu.

Watu walikusanyika. Kombe alisimama uani, macho mekundu, akasema waziwazi. "Mama yangu alichagua dini yake akiwa mtu mzima. Sitamwingilia. Mzikeni kwa desturi yenu. Lakini maji sina. Nikitoa maji ya ng'ombe leo, kesho nina misiba mitatu."

Ustadhi Swabir aliinamisha kichwa. "Hakuna lawama, Kombe. Mungu hamtwishi mtu asichokiweza. Pasipo maji, sheria imeruhusu vumbi safi."

Wanawake waliokuwa karibu na mlango walitazama chini. Sidi alijifunika mdomo kwa leso. Ilikuwa inakwenda kuwa vile vile tena.

"Maji yapo, Ustadhi."

Watu waligeuka kutafuta ni nani aliyesema. Twaiba alikuwa amesimama nyuma ya wanawake.

"Mtungi mmoja," alisema. "Niliuteka jana kwa kichwa changu. Si wa nyumba ya mtu. Ni wangu, nami nimempa Bi Kadzo."

"Mtungi mmoja!" Dama alishindwa kujizuia. "Wewe? Siku ile ulimaliza mitatu kwa mtu mzima wa afya yake!"

"Siku ile sikujua maji yanatoka wapi, dada Dama. Sasa najua."

Ustadhi alimtazama. "Utatosha?"

Twaiba hakujua kama utatosha. Hajawahi kuona maiti akioshwa kwa mtungi mmoja, wala khalati yake hakuwahi kumfundisha hivyo. Alichokijua ni somo la kwanza kabisa, alilopewa kabla hajaruhusiwa kugusa kitu: faradhi ni maji yafike kila mahali mwilini, mara moja. Yaliyobaki ni sunna, na mengine ni mazoea ya watu wenye mabomba.

"Aliyenileta hapa anajua kiasi cha maji yaliyopo," alisema. "Sidi, dada Dama, njooni ndani."

Walifunga mlango. Twaiba aliyagawa maji kwenye beseni tatu: ya majani ya mkunazi, ya maji matupu, na ndogo kabisa ya karafumaiti. Dama, safari hii, hakuwa na mzaha hata mmoja.

"Bismillahi. Sidi, mwinue bega. Mshike kama anasikia. Ndiyo hivyo. Dada Dama, chota kata moja, anzia hapa shingoni. Polepole. Usiyamwage. Yalaze."

"Niyalaze?"

"Yalaze kwenye ngozi, yashuke yenyewe. Mimi nayapokea kwa kitambaa, nayapeleka. Kama unavyomwogesha mwanao."

Dama akaelewa. Alilaza kata ya maji juu ya bega la Bi Kadzo, na mikono ya Twaiba ikayafuata, ikayaongoza kwenye mkono, kwenye mbavu, kwenye nyonga, mpaka kwenye zile nyayo zilizopasuka kwa kutembea. Hakuna mahali palipobaki pakavu, na ufuo chini ya kitanda ulilowa tu, haukujaa. Upande wa kulia, upande wa kushoto. Sauti ya Twaiba haikuwa kubwa, lakini ilikuwa imenyooka, na nje ya mlango watu walinyamaza wakiisikiliza: geuza, inua, laza, bado kidogo, shukrani dada. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Alipotazama beseni ya karafumaiti akaona kwamba hata ya tatu ipo.

Nywele za Bi Kadzo zilikuwa nyeupe na chache. Twaiba alizisuka misuko mitatu, myembamba kama nyuzi, akailaza nyuma. Kazi hiyo alitaka kumwachia Sidi, lakini Sidi alikuwa analia kwa sauti asiweze.

Walipomvisha sanda, mtungi ulikuwa na maji ya kunawa mikono watu watatu.

Kombe aliitwa kumuaga mama yake kabla ya kufunikwa uso. Aliinama. Alipoinuka hakumtazama Ustadhi wala wazee wenzake. Alimtazama Twaiba.

"Hivi ndivyo alivyokuwa siku za harusi za jamaa," alisema. "Akijipamba hivi, hatumwoni mfano." Kisha akatoka nje, akawaambia watu wote waliokuja, wa kanisani na wa msikitini, kwa sauti ya mtu anayetaja mali ya ukoo wake, "Mama ameoshwa. Ameoshwa kwa maji, mara tatu, na binti huyu wa Msambweni."

Wanaume walilibeba jeneza. Wanawake walibaki uani. Twaiba alichukua jembe afukie ufuo, Dama akamnyang'anya.

"Lete. Na somo ni kesho, nimeshawaambia wote. Ila mimi sifi tena. Kesho afe Sidi, mimi nioshe."

"Kwa maji ya nani?" Sidi aliuliza, macho bado yana machozi.

"Kata mbili tu zinatosha kujifunzia," Twaiba alisema. "Nyingine tutaigiza."

Wanawake walicheka, kicheko cha msibani, cha chini na cha shukrani. Twaiba alikuwa bado hajakaa simu ilipolia. Habari ilikuwa imemtangulia, kwa kuwa Sidi alikuwa ameshampigia Bi Mwanarusi, na Bi Mwanarusi hakuweza kuikalia.

"Mtungi mmoja?" mama aliuliza bila salamu.

"Shikamoo, mama. Mmoja."

"Mara tatu?"

"Mara tatu, na yakabaki."

Twaiba alisikia vyombo, kuku, sauti za majirani waliokuwa barazani kwao.

"Unarudi lini, mwanangu?" Safari hii mama hakuamrisha. Aliuliza kama mtu anayemuuliza mtu mzima mwenzake.

"Nitakuja kuwatazama Idi, inshallah. Siku tatu. Siwezi zaidi, nina watu."

Alisubiri mama akasirike. Badala yake alisikia simu ikiwekwa kando, haikuzimwa, na sauti ya Bi Mwanatumu ikapanda, ile sauti yake ya kumwitia muuza samaki njiani, mpaka wanawake wa Vitsakani waliokuwa karibu wakaisikia nao:

"Mmesikia? Mnasikia huko barazani? Amesema ana watu! Mwanangu ana watu!"